Mkalimani Ndani ya Kompyuta

Mama anaponunua sufuria mpya hahitaji kujifunza upya kupika ugali. Unga ni ule ule, maji ni yale yale, na mwiko wa zamani huingia katika sufuria mpya bila ya kuulizwa umetoka duka gani. Fundi naye akibadili cherehani, kitambaa hakikatai kushonwa kwa sababu ya jina lililoandikwa ubavuni mwa mashine. Mambo haya ni ya kawaida kiasi kwamba hatuyafikirii.

Kompyuta haina ungwana huo. Mtu aliyeweka humo hesabu za duka lake kwa miaka kumi, au barua za marehemu baba yake, au aliyenunua programu ya kumfundisha mwanawe kujumlisha na kutoa, anaweza kuichukua kazi hiyo hiyo akaipeleka kwenye mtambo wa kampuni nyingine, ulio mpya na wenye nguvu zaidi, na mtambo ukamtazama kama mgeni aliyeshuka bandarini bila ya kujua hata neno moja la watu wa pale. Mtambo si mbovu, wala kazi yake si mbovu. Viwili hivyo havisikilizani.

Makala haya yanaeleza njia iliyobuniwa ya kuvisikilizanisha. Njia yenyewe ni kuifanya kompyuta moja ijifanye kuwa nyingine, mpaka programu iliyoandikwa kwa ajili ya ile ya kwanza isitambue kwamba imehamishwa nyumba. Programu au chombo kinachofanya kazi hiyo wataalamu hukiita emuleta. Jambo hili huonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini ndani yake limo swali linalomhusu kila mwenye nyumba: kazi niliyoifanya kwa mikono yangu, na programu niliyoinunua kwa fedha yangu, ni mali yangu, ama ni mali ya yule aliyeniuzia mtambo?

LUGHA MBILI

Moyo wa kompyuta ni prosesa. Prosesa, pamoja na sifa zote inazopewa, hujua amri chache tu, tena nyepesi: chukua namba hii, ijumlishe na ile, iweke pale, na kama jibu ni sifuri rukia amri ya mahali fulani. Ustadi wake umo katika kutekeleza mamilioni ya amri hizo kwa kufumba na kufumbua. Kila amri huandikwa kwa namba. Basi hapo ndipo penye fitina, kwa sababu kila kampuni ilipounda prosesa yake ilijichagulia namba zake. Namba ambayo kwa prosesa moja maana yake ni “jumlisha”, kwa nyingine huweza kuwa na maana ya “ruka”, na kwa ya tatu isiwe na maana yoyote. Programu iliyo dukani, imefungwa vizuri na ina picha nzuri juu ya kasha, kwa hakika ni mlolongo mrefu wa namba hizo.

Emuleta hukaa katikati kama mkalimani. Huchukua amri ya kwanza ya programu ngeni, hutazama ilikuwa na maana gani kule ilikotoka, kisha huuagiza mtambo wenyeji ufanye jambo hilo hilo kwa lugha yake. Ikimaliza, huchukua ya pili. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Walakini, msomaji asidhani kwamba kutafsiri maneno peke yake kunatosha. Mgeni wa kutoka Ulaya akisema kwa hesabu ya kwao kwamba mkutano utaanza saa saba asubuhi, mkalimani mjinga atawaambia wananchi “saa saba”, nao watafika jua la utosi, mkutano umekwisha na viti vimerudishwa. Mkalimani mwenye akili atasema “saa moja”. Amebadili neno ili asipotoshe maana. Emuleta nayo ina mitego ya namna hiyo. Kuna mitambo ambayo, inapohifadhi namba kubwa katika kumbukumbu yake, hutanguliza sehemu iliyo kubwa, kama sisi tunavyosema “ishirini na tano”. Kuna mingine hutanguliza iliyo ndogo, kama Mwarabu anavyosema “tano na ishirini”. Prosesa za Intel ni za kundi hili la pili. Zile za Motorola zilizotumika katika kompyuta za Macintosh za kwanza ni za kundi la kwanza. Emuleta isiyokumbuka tofauti hiyo itasoma mshahara wa mtu kinyumenyume.

Tena programu haizungumzi na prosesa peke yake. Huzungumza na kiwambo, na kibodi, na spika, na saa iliyo ndani ya mtambo. Ikiagiza rangi nyekundu ionekane pembeni, hutazamia kwamba kuna kiwambo cha aina anayoijua mtunzi wake. Kwa hiyo emuleta hulazimika kuijenga upya nyumba nzima ya mtambo ule wa zamani, milango na madirisha, ingawa nyumba yenyewe ni ya kuwazika tu.

Gharama yake ni mwendo. Amri moja ya mgeni huweza kumgharimu mwenyeji amri kumi na zaidi, kwa maana kuna kuisoma, kuichambua, kuitekeleza na kuweka kumbukumbu ya yaliyotokea. Ndiyo maana kwa kawaida mtambo unaoiga hauna budi kuwa na nguvu kuliko unaoigwa. Baadaye mafundi walipata hila. Waligundua kwamba programu hurudia sehemu zile zile mara elfu, kama vile mgeni anavyorudia salamu zile zile kila nyumba anayoingia. Basi badala ya kutafsiri upya kila mara, emuleta hutafsiri kipande kizima mara moja, ikaiweka tafsiri yake pembeni, na kipande kile kikirudi huitoa ikiwa tayari. Hila hiyo ndiyo iliyoziwezesha kompyuta za nyumbani kufanya kazi ambayo hapo mwanzo ilifaa mitambo mikubwa peke yake.

KADI ZA MISHAHARA

Habari yenyewe haikuanzia nyumbani bali ofisini, nchini Marekani, mahali ambapo mishahara ya watu ilikuwa ikihesabiwa.

Mwezi wa Oktoba 1959 kampuni ya IBM ilitangaza mtambo ulioitwa 1401. Ulisoma kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, ukapiga hesabu, na ukachapa majibu kwa mashine iliyoweza kutoa mistari 600 kwa dakika. Kumbukumbu yake, hata ikinenepeshwa kabisa, ilichukua herufi 16,000, yaani pungufu ya makala haya. Mtambo huo haukuuzwa tu, ulikodishwa pia, na kodi yake ilianzia kama dola 2,500 kwa mwezi. Makampuni ya bima, viwanda na mabenki yaliukimbilia. Zaidi ya mitambo 12,000 ya aina hiyo ilitengenezwa, na katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa sehemu kubwa sana ya kompyuta zote zilizokuwapo duniani.

Hebu msomaji aifikirie hali ya ofisi moja ya namna hiyo. Mtambo ni wa kukodi, mali ya IBM. Lakini programu za mishahara, za stoo na za madeni, ziliandikwa na wafanyakazi wa ofisi wenyewe, miaka nenda miaka rudi, makosa yakirekebishwa usiku wa kuamkia siku ya malipo. Thamani kubwa ilikuwa imehama kutoka kwenye chuma ikaingia katika masanduku ya kadi. Na masanduku hayo yalijua lugha moja tu.

Desemba 1963 kampuni shindani, Honeywell, ilitangaza mtambo wake, Honeywell 200. Ulikuwa na mwendo wa kasi kuliko 1401, na lugha yake ilifanana nayo kwa makusudi. Pamoja nao ilikuja programu ya kuzigeuza programu za 1401 zifanye kazi katika mtambo mpya. Programu hiyo ilipewa jina la Liberator, yaani Mkombozi. Kwa maneno mengine Honeywell iliwaambia wateja wa jirani: hameni, na vyombo vyenu tutawabebea. Katika juma la kwanza maagizo yapatayo mia nne yalimiminika. Hofu iliyoingia katika ofisi za IBM haikuwa ndogo.

Na ilikuwa na sababu. Wakati huo IBM ilikuwa ikiandaa jamii mpya ya mitambo, System/360, ambayo gharama yake ilikadiriwa na jarida la Fortune kuwa dola bilioni 5. Lugha yake haikufanana na ya 1401 hata kidogo. 1401 ilihesabu kwa makumi, tarakimu moja moja, kama mtoto wa shule anavyohesabu. 360 ilihesabu kwa mbili-mbili, katika vifungu vya biti nane. Maana yake, mteja mwaminifu wa IBM aliyetaka kubaki na IBM angelazimika kuandika upya kila kitu. Na mtu ambaye ni lazima ahame nyumba hata hivyo, ana sababu gani ya kutotazama nyumba ya jirani? Ndani ya IBM yenyewe walikuwapo wakubwa, akiwemo John Haanstra aliyekuwa akisimamia idara ya mitambo hiyo midogo, waliotaka 1401 iimarishwe tu, iendelee kuuzwa kando ya jamii mpya.

Jibu lilipatikana mahali pasipotazamiwa. Wahandisi walikuwa wameamua kwamba katika prosesa nyingi za 360 amri hazitaunganishwa kwa nyaya moja kwa moja. Kila amri ingetimizwa kwa hatua ndogo ndogo zilizoandikwa katika ghala maalumu ndani ya prosesa, hatua ambazo huitwa maikrokodi. Basi baadhi yao wakajiuliza: kama hatua za amri za 360 zinaweza kuandikwa humo, kwa nini pembeni yake zisiandikwe pia hatua za amri za 1401? Waliandika. Mtambo mmoja ukawa na ndimi mbili. Mhandisi wa IBM, Larry Moss, ndiye aliyelitunga jina emuleta, ili kutofautisha njia hii na maigizo ya zamani yaliyofanywa kwa programu tupu na yaliyokwenda kwa mwendo wa kobe.

System/360 ilitangazwa tarehe 7 Aprili 1964. Modeli 30, iliyokuwa miongoni mwa zile ndogo, iliweza kuziendesha programu za 1401 kwa mwendo usiopungua ule wa 1401 yenyewe. Wateja waliweka mtambo mpya, wakatia kadi zao za zamani, na mishahara ikatoka. Wengi waliendelea kuishi hivyo kwa miaka, wakiwa na kompyuta ya kisasa iliyopoteza siku nzima ikijifanya kuwa babu yake.

Wapo wanaoisimulia habari hii kana kwamba IBM iliwahurumia wateja wake. La hasha. Kama Honeywell isingalifungua duka upande wa pili wa barabara, huenda mpango wa kuwaandikisha watu upya kazi zao zote ungalipita bila ya kelele.

MCHEZO ULIOFIKA MAHAKAMANI

Katika kisa cha IBM mkalimani alikuwa mwajiriwa wa mwenye mtambo. Je, mtu wa nje, asiye na ruhusa, anaweza kujiajirisha ukalimani? Swali hilo lilijibiwa miaka thelathini na mitano baadaye, na lililolileta lilikuwa jambo la watoto, michezo ya video.

Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza PlayStation tarehe 3 Desemba 1994. Mchezo ulikuja katika diski, na diski ilichezwa katika kisanduku cha Sony kilichounganishwa na televisheni. Wakati huo katika jimbo la California kulikuwa na kampuni ndogo, Connectix, iliyokwisha kujipatia sifa mwaka 1997 kwa programu ya Virtual PC, ambayo iliiwezesha kompyuta ya Macintosh kuendesha Windows na programu zake. Ofisi nyingi zilizopenda Macintosh, lakini zilikuwa na programu moja au mbili zisizokubali ila Windows, zilinusurika kwa njia hiyo.

Katikati ya mwaka 1998 wahandisi wa Connectix walianza kuandika emuleta ya PlayStation. Aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya uandishi ni Aaron Giles. Ugumu ulikuwa bayosi, yaani ile programu ndogo ambayo Sony iliifungia ndani ya kisanduku, na ambayo kila mchezo huiita ili ipate huduma za mtambo. Bayosi hiyo ni mali ya Sony kwa sheria ya hakimiliki. Wahandisi walinunua PlayStation dukani, wakaitoa bayosi ndani yake, wakainakili mara nyingi katika kompyuta zao ili waitazame inavyofanya kazi. Kisha waliandika ya kwao. Mwezi wa Septemba waliwaendea watu wa Sony kuomba msaada wa kitaalamu, wakanyimwa.

Januari 1999, katika maonyesho ya Macworld mjini San Francisco, Steve Jobs wa Apple aliionyesha hadharani: diski ya PlayStation, ndani ya Macintosh, na mchezo kiwamboni. Iliitwa Virtual Game Station na bei yake ilikuwa dola 49. Mwezi haukuisha, tarehe 27 Januari Sony ilifungua kesi. Aprili mahakama ilitoa amri ya kuizuia Connectix isiiuze bidhaa hiyo, na rafu zikabaki tupu.

Connectix ilikata rufani. Tarehe 10 Februari 2000 majaji wa Mahakama ya Rufani ya mkoa wa tisa wa Marekani waliitengua amri ile. Hukumu iliyoandikwa na Jaji William Canby inastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwani ndiyo ambayo watengenezaji wa emuleta wameiegemea tangu siku hiyo. Majaji walikubali kwamba Connectix ilinakili bayosi ya Sony, tena si mara moja. Lakini katika bidhaa iliyouzwa hapakuwa na hata kifungu kimoja cha maandishi ya Sony. Kunakili kulikuwa njia tu ya kufikia kitu ambacho hakimiliki haikilindi, nacho ni namna mtambo unavyofanya kazi. Na namna hiyo haionekani kwa macho, hapana budi kuifungua ndipo uione. Sony ilidai kwamba itapoteza soko la visanduku vyake. Majaji walijibu, kwa ufupi, kwamba ni kweli Sony ingependa kuwa na mamlaka juu ya kila chombo kinachocheza michezo yake, lakini sheria ya hakimiliki haikutungwa kumpa mtu ukiritimba wa namna hiyo. Hawakuisifu bidhaa yenyewe kupita kiasi. Walisema wazi kwamba haikucheza michezo vizuri kama PlayStation.

Sony ilijaribu Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, ambayo mwaka huo huo ilikataa kuisikiliza. Connectix ilikuwa imeshinda. Na sasa msomaji asikilize kilichofuata. Mwezi wa Machi 2001 Sony iliinunua Virtual Game Station, na mauzo yake yakakomeshwa. Kilichoshindikana kwa hakimu kiliwezekana kwa mfuko. Kampuni nyingine ndogo iliyotengeneza emuleta ya PlayStation, Bleem, ilishtakiwa nayo, ikajitetea kortini, na gharama za mawakili zikaimaliza. Ilifunga milango mwaka 2001. Connectix yenyewe iliiuza Virtual PC kwa Microsoft mwaka 2003, na baada ya hapo jina lake likatoweka.

MWENYE KUMSHIKA MKALIMANI

Kuanzia hapo tunaona jambo ambalo wanunuzi wengi wa kompyuta hawaelezwi dukani. Emuleta ikiwa mali ya muuza mtambo, huishi kwa kadiri muuza mtambo anavyoona faida.

Kampuni ya Apple ni mfano mzuri, kwani imebadili prosesa za Macintosh mara tatu, na kila mara imeweka mkalimani. Mwaka 1994 ilipoacha prosesa za Motorola na kuchukua PowerPC, mhandisi wake Gary Davidian aliandika emuleta iliyofanya kazi kimya kimya kiasi kwamba watu wengi hawakujua kuwa ipo. Mwaka 2006 ilipohamia Intel ilileta Rosetta, iliyotokana na utaalamu wa kampuni ya Transitive, ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Hiyo ilikuwa kazi ya sifa. Mwaka 2011 Apple ilitoa toleo jipya la mfumo wake wa kompyuta na Rosetta haikuwamo. Mtu aliyekubali toleo jipya aliamka na kukuta programu zake za zamani, alizozilipia na zilizokuwa zikifanya kazi jana yake, zimekufa zote kwa pamoja. Kompyuta haikuharibika. Mkalimani aliachishwa kazi. Mwaka 2020 Apple ilihamia prosesa zake yenyewe na kuleta Rosetta ya pili, nayo ni hodari kuliko ya kwanza. Na mwaka 2025 ilitangaza kwamba baada ya toleo la 27 la mfumo wake, sehemu kubwa ya huduma hiyo nayo itaondolewa.

Upande wa pili wapo watu wanaoandika emuleta bila ya malipo na kuyaweka maandishi yake wazi, kila mtu ayasome na kuyarekebisha. Mwaka 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria alianza kuitoa MAME, emuleta ya mashine za michezo zilizokuwa zikiwekwa mabarazani na kuchezwa kwa sarafu. Wameisaidia mamia ya watu tangu siku hizo, na Aaron Giles, yule wa Connectix, alikuwa mmoja wa waratibu wake. Kitu cha namna hii hakinunuliki kikazimwa, kwa sababu hakina mwenye nyumba mmoja wa kuuziana naye.

Kejeli ya historia ilionekana Desemba 2018. Sony ilianza kuuza PlayStation Classic, kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani, chenye michezo 20 ya zamani ndani yake. Ndani ya kisanduku hicho hamkuwa na PlayStation. Mlikuwa na prosesa ya aina nyingine kabisa na emuleta iitwayo PCSX ReARMed, kazi ya wale wale watu wa kujitolea.

KWA WENYE KOMPYUTA NYUMBANI

Wazazi huuliza kama kutumia emuleta ni wizi. Hukumu ya mwaka 2000, angalau kwa Marekani, ilisema kwamba kutengeneza mkalimani si wizi. Lakini mchezo au programu inayotafsiriwa ina mtunzi wake, na kuinakili bure bila ya kuinunua ni jambo jingine. Mtoto aelezwe tofauti hiyo mapema, kwa kuwa intaneti haitamweleza.

Aidha, mtu anayebadili kompyuta asikubali kuitupa ya zamani siku ile ile ipya inapoingia mlangoni. Aiwashe kwanza na kuhamisha yaliyomo, kisha ajaribu kuyafungua katika hiyo mpya angali ana zote mbili. Diski za programu alizozinunua azihifadhi mahali pakavu, pamoja na namba zake za siri, kwa maana emuleta huweza kuiga prosesa, kiwambo na hata sauti ya mtambo uliokufa, bali haiwezi kuisoma diski iliyoota ukungu. Barua na hesabu ni vyema zihifadhiwe pia katika namna nyepesi inayosomeka na programu nyingi, hata kama urembo wake utapungua.

KITABU CHA MWAKA 1086 NA DISKI ZA MWAKA 1986

Uingereza ina kitabu kiitwacho Domesday, kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme aliyetaka kujua nani ana ardhi gani na ng’ombe wangapi. Kimeandikwa kwa wino juu ya ngozi, na mpaka leo kinasomeka katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew.

Kitabu hicho kilipotimiza miaka 900, mwaka 1986, shirika la utangazaji la BBC liliamua kutengeneza kingine cha zama mpya. Nchi iligawanywa katika maeneo kama 23,000, kila moja likiwa na upana wa kilomita nne kwa tatu, na shule zikaombwa zieleze maisha ya mahali pao. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki. Watoto waliandika mchana wao unavyopita, wanavyokula, bei za dukani, baba anafanya kazi gani, na mto wa kijijini una samaki gani. Yote hayo, pamoja na picha na ramani, yaliwekwa katika diski kubwa za aina ya pekee zilizosomwa na mashine ya Philips iliyounganishwa na kompyuta ya Acorn, BBC Master. Vyombo hivyo kwa pamoja viligharimu kiasi cha pauni 5,000. Shule nyingi ambazo watoto wake waliandika hazikuweza kuvinunua.

Mashine za kusoma diski hizo ziliacha kutengenezwa. Kompyuta za Acorn nazo zilipitwa. Miaka kumi na mitano haijatimia vyema, kazi ya watu milioni moja ikawa ndani ya vyombo vichache vilivyokuwa vikififia kimoja baada ya kingine, wakati kitabu cha ngozi kilikuwa kikifunuliwa kurasa kama kawaida.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, wakishirikiana na wenzao wa Michigan, walikuwa na mradi ulioitwa CAMiLEON wa kutafuta namna ya kuhifadhi kazi za kompyuta zilizokufa. Wangeweza kuyanakili maandishi peke yake na kuishia hapo. Walichagua njia iliyo ndefu: kuyahamisha yote yaliyomo katika diski, kisha kuandika emuleta ya kompyuta ile pamoja na mashine ya kusomea, ili mtu aione kazi kama ilivyoonekana mwaka 1986, kwa ramani zake na jinsi ya kutembea kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Mwaka 2002 waliionyesha, ikiendeshwa katika kompyuta ya kawaida ya mezani yenye prosesa ya ukoo mwingine kabisa. Mwaka 2011 BBC iliyaweka maandishi na picha hizo katika intaneti, na watu waliokuwa na umri wa miaka kumi walipoandika, sasa wakiwa na watoto wao wenyewe, walialikwa kutafuta eneo lao la kilomita nne kwa tatu na kuongeza habari za yaliyobadilika tangu hapo.